Nilimwambia Chombo Kimekufa

Kaka yangu mkubwa alifundisha fizikia Beni miaka mingi. Vijiji vya upande ule vilipoanza kuchomwa, alikimbilia kwangu Butembo, miguu imevimba, akalala katika chumba kilicho nyuma ya saluni yangu. Hakuinuka tena. Aliomba kitu kimoja tu: redio asubuhi, asikie habari za kile chombo cha Wazungu kilichorushwa angani akiwa bado kijana, ambacho sasa kimeshazipita sayari zote. Nguvu yake inakwisha, alinieleza, kwa hiyo wenyewe wanakizimia kifaa kimoja kimoja ili kiendelee kujibu. Jibu lake husafiri karibu siku nzima kabla ya kufika.

Mimi nilikuwa na paneli moja ya jua na batri iliyochoka, na mashine ya kunyolea ilitaka umeme. Nikamzimia taa kwanza, kisha nikachukua redio.

"Si unaona, yaya," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa, "hata Wazungu bako banazima kidogo kidogo."

Wateja walicheka. Nilipenda wakicheka.

Kila asubuhi aliuliza kutoka nyuma ya pazia: "Mudogo, iko inajibu?" Jirani yangu muuza mafuta alikuwa na redio, ningeweza kumsikilizia. Siku moja, saluni imejaa, nikachoka naye.

"Ilikufa, yaya. Bamesema juzi."

"Donc basi. Kuya uninyoe."

Kwetu aliyefiwa hunyolewa kichwa. Hapo ningesema nimetania, yaishe. Badala yake nilivuta waya mpaka kitandani. Mteja mmoja, dereva wa pikipiki, akachungulia.

"Pole, mwalimu! Maiti italetwa na ndege ao na pikipiki? Kama ni pikipiki, mimi niko!"

Nilicheka mpaka mashine ikamkwaruza kaka nyuma ya sikio. Hakulalamika. Alifumba macho, machozi yakateremka pamoja na nywele.

Baada ya siku ile aliacha kuuliza kila asubuhi. Alianza kubakiza nusu ya chakula, halafu chote.

Wiki mbili baadaye, kwa muuza mafuta, redio ikasema chombo kimejibu. Kulikuwa na hatua ishirini kufika kitandani kwake. Lakini kumwambia kulikuwa kukiri uongo mbele ya watu, nikangoja waondoke. Walipoondoka, nikafagia nywele, nikafagia tena mahali palepale.

Nilipoingia aligeuza uso kunitazama.

"Kuko habari?"

"Hapana, yaya. Umalize bugali."

Akamega tonge moja ili kuniridhisha. Alifariki siku ya tatu, akiamini neno langu, kwa kuwa nilikuwa mdogo wake na hakuona sababu ya kunishuku.