Kibuyu Kilichorudi na Maziwa

Mke wangu alikufa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, masika ikiwa imeanza. Jina lake silitaji. Kwetu Waarusha aliyekufa hatajwi jina. Mchungaji alilitaja kaburini, lakini huyo ni mchungaji. Watu walimwita Mama Lemburis, kwa mtoto wetu wa kwanza. Na mimi nitamwita hivyo.

Alizaliwa Elerai, kijijini kwetu, akaolewa Elerai, amezikwa Elerai. Kazi zake zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni kuta. Kwetu mwanaume hukata miti na kuisimamisha, mwanamke hukandika. Nyumba yetu aliikandika mara sita, za jirani sikuzihesabu. Akiweka kiganja ukutani alikuambia umekandikwa mwaka gani, udongo umetoka mtoni au kichuguuni, na kama mkandikaji alikuwa mvivu. Wake za watu hawakupenda aguse nyumba zao.

Ya pili ni maziwa. Kila asubuhi alibeba vibuyu vyake kwenda mjini, kwenye mitaa ya Waswahili, miaka zaidi ya ishirini. Lakini mji aliujua nusu. Upande wa juu, ulipo Boma, hakufika. Nilimkataza.

Niseme kwa nini.

Boma lile la Wajerumani lilijengwa na watu wetu, kwa lazima. Askari walikuja wakachukua wanaume wabebe mawe na chokaa. Mimi nilikuwa kijana. Nilikimbilia msituni, juu mlimani, nikakaa huko mpaka ujenzi ukaisha. Baba yake Mama Lemburis hakukimbia. Mama Lemburis mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, akimpelekea baba yake uji. Siku moja alimkuta ameshikwa na homa. Siku ya pili alimkuta amekufa. Wenzake walikuwa wamemlaza chini ya kona ya ukuta, upande unaotazama mlima, na kazi ikaendelea. Mmoja wao akamwonyesha mtoto mahali. Mtoto akaweka mkono pale ukutani. Chokaa ilikuwa mbichi, ikamchoma kiganja. Kovu lile alikuwa nalo mpaka namzika.

Nilipomwoa nilimwambia, Boma usipite, kuna askari wabaya. Hakuuliza. Ukweli si askari. Sikutaka atoke kule, aingie nyumbani, akae mbele yangu na anitazame.

Halafu macho yake yakafa. Moshi na nzi, kama wanawake wengi wa kwetu. Akawa haendi tena mjini. Akakandika kwa kupapasa, na bado alikandika vizuri kuliko wenye macho. Baada ya macho likaja tumbo. Likavimba upande mmoja. Mganga wa hospitali alimbonyeza, akaniita nje, akaniambia, mzee, mrudishe nyumbani, ale anachotaka.

Hakutaka kula.

Habari zilifika mjini, kwa Zuleha. Huyu Zuleha ni mke wa Sefu, dereva, mtu wa Pangani. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, Zuleha hakuwa na maziwa. Kibuyu cha kwanza cha Mama Lemburis, miezi minane, kilikuwa cha mtoto yule, mvua au jua. Sefu aliendesha gari la tajiri mmoja, kazi yake kuwatembeza Wazungu wageni waone mji na mlima. Siku moja gari lile likasimama kwenye boma letu la ng'ombe, mbuzi wakatawanyika.

"Takwenya, yeyo," akasema Sefu mlangoni. Ndiyo salamu ya kwetu kwa mama. Aliitamka kama mtu anayetafuna pilipili.

"Iko," akajibu Mama Lemburis. "Wewe ni Sefu. Unanuka petroli."

"Ndiyo manukato yangu, mama. Shikamoo basi, kwa Kiswahili."

"Marahaba. Mtoto wangu hajambo?"

"Mtoto wako ana ndevu. Zuleha amenituma. Anasema nikuulize unataka nikuletee nini kutoka mjini."

"Mji wenyewe," akasema.

Sefu akacheka. Yeye hakucheka.

"Wazungu wako unawazungusha wapi?"

"Stesheni, soko, mnara wa saa, hoteli, daraja la Themi. Halafu nawaonyesha mlima, kama haujajifunika. Wanapiga picha, wanarudi kula."

"Nizungushe hivyo hivyo. Usiruke kitu. Mwisho unifikishe Boma, kwenye ukuta. Nataka kumpa baba yangu maziwa. Sijampa tangu amelala pale."

Sefu akanitazama mimi. "Mzee?"

"Gari ni lako," nikasema.

Akaja Jumamosi mchana, wageni wake wakiwa wamekwenda kuwinda. Asubuhi ile Mama Lemburis alinituma nimkamue ng'ombe mwekundu. Kibuyu alikisafisha mwenyewe, kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, akakinusa, akakisafisha tena. Alipokwisha kumimina maziwa alifunga majani mabichi, ndiyo baraka ya kwetu, kwenye shingo ya kibuyu. Alivaa shuka lake jipya. Nilimbeba mpaka garini. Alikuwa mwepesi kama mtoto, tumbo tu ndilo zito.

Sefu akamweka mbele, mimi nikakaa nyuma. Akawasha gari, akaanza kusema kama anavyosema na Wazungu wake.

"Mabibi na mabwana, kulia kwenu mtaona—"

"Kulia kwangu ni mlango," akasema Mama Lemburis.

"Ngoja tufike, mama."

Kwenye stesheni alizima gari ili asikie. Kulikuwa na behewa linasukumwa, chuma kinagonga chuma.

"Hapa ndipo reli inapoishia," Sefu akasema. "Treni ikifika hapa haina pa kwenda, inageuzwa."

"Imefika kwetu ikachoka."

"Imechoka na watu wa Moshi, mama, inakuja hapa kupumzika."

Sokoni hakumwacha aseme. "Hapa usinieleze. Hapa nakueleza mimi." Akanyoosha kidole nje ya dirisha, akiongozwa na pua yake. Mwenye samaki wakavu yuko pale, amehama kidogo. Fundi viatu bado yuko. Wauza ndizi wa Meru wako kivulini, unasikia wanavyogombana. Na harufu ile ni ya mwanamke anayetia maji kwenye maziwa, ameanza tena, hana haya. Sefu akaapa kwamba mwanamke yupo pale pale alipoonyesha. Mimi nilimwona pia. Mkono mmoja wa mke wangu ulikuwa bado nje ya dirisha, na ule mwingine ulikuwa umeshika kibuyu mapajani.

Kwenye mnara Sefu akapunguza mwendo.

"Huu ni mnara wa saa. Una nyuso nne, mama. Kila upande mmoja."

"Zinasema saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Zote nne?"

"Zote."

"Wanne, na hawagombani," akasema. "Hao si Waarusha."

Pale kwenye hoteli kubwa, mkabala na mnara, Sefu alimweleza kwamba Wazungu husimama hapo wapigwe picha. Wanasema ni katikati ya Afrika, ukitoka Kepu, kusini kabisa, kwenda Cairo.

"Nani alipima?"

"Wao."

"Miaka yote ile nimebeba maziwa nikipita karibu na katikati, na hakuna aliyeniambia."

Sefu alicheka mpaka gari likayumba. Mimi nilikuwa natazama juu ya barabara. Kutoka pale mnarani njia ya Boma inaonekana, imenyooka. Nilikuwa naomba moyoni mvua ishuke.

Ikashuka tulipofika daraja la Themi. Alitaka asikie mto. Sefu akasimamisha gari, akamfungulia dirisha. Akasikiliza. Halafu akainama, akashika tumbo, hakulia. Alipoinua uso damu ilikuwa kwenye midomo. Nilimfuta kwa pembe ya shuka langu.

"Mzee, turudi?" Sefu akaniuliza.

Yeye ndiye aliyejibu. "Boma."

Tukarudi, tukashika njia ya juu. Mvua haikuwa kubwa. Niliona ukuta mweupe mbele, na langoni askari amesimama na kofia yake. Nilikuwa na wajukuu, nilikuwa mzee wa kanisa. Nikawa tena kijana yule wa msituni. Nikajiambia, mama huyu ana maumivu, itabidi ashuke, atembee kwenye matope, askari watauliza maswali. Nikajiambia, ukuta ni ukuta.

Nikamgusa Sefu begani. Pembeni ya barabara, kabla ya kufika, palikuwa na ghala jipya, limepakwa rangi nyeupe. Nikamwonyesha kwa kidole. Sefu alinitazama kwenye kioo chake, akatikisa kichwa. Nikamgusa tena.

Akasimamisha gari.

"Tumefika," nikasema mimi.

Nilimshusha, nikamshika kiuno mpaka ukutani. Akaweka kiganja. Akakipeleka juu, akakishusha, taratibu, kama anavyofanya kwenye nyumba za watu. Akakileta puani.

"Ndipo hapa?"

"Ndipo."

"Kona inayotazama mlima?"

"Ndiyo."

Alisimama hapo, mvua inamnyeshea. Nilimngoja afungue kibuyu. Akakipangusa kiganja kwenye shuka, ingawa hakikuwa na kitu.

"Nimechoka," akasema. "Turudi nyumbani."

"Na maziwa?"

"Nimechoka, Baba Lemburis."

Njiani Sefu hakumwonyesha kitu, naye hakuuliza. Tulipofika Elerai Sefu alimbeba mwenyewe mpaka kitandani. Akamuaga mama wa maziwa wa mtoto wake, akanipita mlangoni bila kunipa mkono. Hajafika tena kwangu. Zuleha alikuja msibani peke yake.

Kibuyu nilikitundika mahali pake. Kilikuwa kimejaa.

Siku ya tatu, asubuhi, aliniita. Nilikuwa nje natoa ndama.

"Baba Lemburis."

"Naam."

"Chokaa huacha unga mkononi. Hata ikizeeka, huacha unga. Ule ukuta ulikuwa wa simenti."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Wewe si mtu wa kunidanganya," akasema. "Uliogopa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa asubuhi, tulikuwa wawili tu. Alikuwa ameniuliza vizuri, bila ukali. Ningemwambia habari za msitu, kwamba baba yake alibeba mawe nami nikala asali ya nyuki juu mlimani. Maneno hayo si mengi.

Nikasema, "Mvua."

"Mvua," akasema. Akageukia ukutani, ukuta aliokandika mwenyewe, akaweka mkono juu yake. Hakuniuliza tena. Kesho yake mchana alikufa.

Tukamzika. Waimbaji walikuja, na watu wa rika langu walikuja, na wanawake wengi sana, wale wale waliokuwa hawapendi aguse kuta zao. Lemburis alifika kutoka kazini kwake Nduruma, akakaa siku nne, akarudi.

Alipoondoka nilikitungua kibuyu. Majani ya shingoni yalikuwa yamekauka, nikafunga mengine mabichi. Sikujua kufunga vizuri. Nikatembea mpaka mjini, nikashika njia ya juu, nikalipita lile ghala bila kulitazama.

Askari alikuwa langoni. Pengine ni yule yule, pengine ni mwingine. Kijana tu.

"Shikamoo mzee. Una shauri gani?"

"Marahaba. Nataka kuona ukuta wa nyuma. Unaotazama mlima."

"Ukuta?" Akanitazama, akatazama kibuyu. "Mzee, usiende kukojoa huko. Kuna ofisi."

"Sikojoi."

"Basi pita. Angalia matope."

Ni hivyo tu. Alipisha kando akaendelea kusimama. Miaka arobaini na saba nilikuwa naliogopa lango lile, na siku ile mke wangu alifika umbali wa mtu kuita aitikiwe kutoka hapo.

Nikazunguka nyuma. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, mpaka kileleni. Nikaweka kiganja ukutani, nikakitoa. Kilikuwa cheupe, unga mtupu. Nilisimama nakitazama.

Halafu nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Ukuta ule una kona mbili, na zote zinatazama mlima. Yeye alionyeshwa ni ipi. Mimi sikuonyeshwa, na sikuwahi kumuuliza. Nikagusa ya kwanza, nikaenda nikagusa ya pili, nikarudi. Mkono wangu haujui kuta. Zote mbili zilikuwa chokaa, zote mbili baridi.

Maziwa yalikuwa yameganda. Nilimwaga nusu kwenye kona moja, nusu kwenye nyingine, nikaweka majani hapa na hapa. Nilisubiri kidogo. Askari akaniita kwa mbali, akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia sijui.