Kitambaa cha Kusomea

Bi Kidawa Likwata alikuwa fundi cherehani wa Somanga, na ulimi wake, jamani, ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Watu walimvumilia kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kushona kanzu ikakaa vizuri mabegani. Lakini mwaka ule wa sabini na nne, kampeni ya kisomo ilipopamba moto, wakapata pa kumshikia. Alikuwa amefeli mtihani mara mbili. Kitabu alikishika mbali mpaka mkono ukaisha, na bado herufi zikamchezea. Ubao nao ulikuwa umepauka, hata Mwalimu Romana aliyeandika hapo, akirudi nyuma hatua tano, hasomi. Watu wakasema Bi Kidawa ana kichwa kizito. Wengine walimwambia usoni! Mwanamke anayekupima kiuno kwa jicho tu, eti kichwa kizito. Iliuma, na nyumbani alilia, asikudanganye mtu.

Ndipo Ndugu Nikodemo, mkaguzi wa elimu ya watu wazima, alipoleta mashine ya picha. Ilitumia betri ya gari. Unachomeka kipande cha kioo chenye maandishi, taa inawaka, maandishi yanatokea mbele yenu makubwa. Mashine ilikuwa moja tu, na vijiji viwili, Somanga na Pande, viliitaka.

"Nawaachia wiki mbili," Nikodemo alisema. "Nikirudi, wanakisomo wanisomee maneno wasiyowahi kuyaona. Wakisoma, mashine ni yenu. Wasiposoma, naipeleka Pande. Na kitambaa cha kutupia picha mjitafutie wenyewe."

Kwa Bi Kidawa, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na hakuona nyingine nyuma yake.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Dadi, hakumuuliza mtu. Alitundika turubai la lori la korosho ndani ya ghala la ushirika, pembe hadi pembe. Milango ikafungwa, giza likaingia saa tisa mchana.

"Kubwa ndiyo mambo!" alisema. "Kama sinema ya mjini!"

Kikatangulia kioo chenye picha ya ng'ombe. Loo! Ng'ombe mkubwa kuliko nyumba ya Mzee Dadi mwenyewe. Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha yakaja maandishi. Yalikuwa yamefifia na kutawanyika kama uji uliomwagika, na hakuna aliyesoma hata neno. Siku tatu wakakodoa macho hivyo hivyo. Salumu mwenye duka akajitolea satini nyeupe ya maharusi. Nayo ikawaka kama kioo, waliokaa pembeni wakaona mng'ao mtupu. Wiki ya kwanza ikaisha, na wengine wakaanza kusema Pande wana bahati.

Bi Kidawa akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, kuangalia ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine. Ng'ombe, hata umfunike ukungu, utamjua kwa pembe. Lakini herufi ikipotea ukingo, n na h ni tope moja. Hatutaki kitambaa kikubwa, tunataka kilichotulia. Nipeni bafta, pamba nyeupe isiyong'aa."

Ghala zima likaguna. Bafta!

"Astaghfirullahi!" Mzee Dadi alisema. "Bi Kidawa, unataka tusomee kwenye sanda?"

"Haiwi sanda mpaka avikwe maiti. Kanzu yako ya Ijumaa ni bafta ile ile, nimeishona mimi, na sijakuona ukizikwa."

Kicheko kilichopasuka hapo kilimaliza mkutano. Mzee Dadi naye alicheka, ingawa kidogo.

Kazi ikaanza. Bafta peke yake ni nyepesi, mwanga unapenya na kwenda zake, kwa hiyo nyuma yake alishonea kaniki nyeusi. Upana wa kitambaa haukutosha, ikabidi aunge vipande viwili. Akamwita Mwalimu Romana apime, mshono upite kati ya mstari na mstari, usikate herufi. Mjukuu wake alimtungia uzi, maana tundu la sindano alikwisha kuagana nalo zamani. Akaitia wanga wa muhogo, akaipiga pasi ya mkaa, akaikaza kwenye fremu ya mianzi mpaka ukiigonga inalia. Ilipokamilika ukubwa wake ulikuwa kama mlango wa nyumba, basi.

"Hiki kidogo hivi?" Mzee Dadi aliuliza.

"Sogezeni mashine karibu, halafu mnyamaze."

Wakasogeza. Herufi zikasimama nyeusi, kila moja na mahali pake. Bi Kidawa alikaa mstari wa nne, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza hakukunja uso. "M," alisema. "Mku... mkulima." Akamgeukia Romana. "Mwalimu, ni mkulima?"

"Ndiyo bibi, ni mkulima."

Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamkemea Romana kwamba anachelewesha kioo kingine. Kuanzia siku hiyo hakukosa hata kipindi kimoja.

Siku ya kumi na tano Ndugu Nikodemo alirudi. Wanakisomo wakasoma vioo vyote bila kukwama, naye akatikisa kichwa.

"Hivi mmevikariri," alisema.

Kesi imekwisha, Bi Kidawa alijiambia. Nikodemo akachukua kioo kitupu, akawapa mgongo, akaandika taratibu kwa kalamu ya wino, akakichomeka bila kusema neno.

Midomo ikaanza kutembea. Ma-shi-ne. Hi-i. Bi Kidawa alifika mwisho kabla ya wenzake, na hapo hapo alikuwa amekwisha kusimama, kanga imemdondoka.

"Haiendi!" alipiga kelele. "Kesho asubuhi ya wapi? Pande wakafanye nini nayo? Haiendi popote!"

Mwingine akafika mwisho, naye juu. Mara ghala zima limesimama, viti vinapinduka, Mzee Dadi kaikumbatia mashine kama mtoto aliyeponea chupuchupu. "Haiendi! Haiendi!"

Nikodemo aliinua mikono yote miwili, anacheka mpaka miwani inamteleza.

"Jamani! Nani amewaambia inakwenda Pande? Mimi sijafungua mdomo!"

Watu wakatazamana. Kisha kigelegele kikaanza nyuma, kikapokewa mbele, kikatoka nje kupitia madirishani.

Bi Kidawa hakupiga. Aliigeukia bafta yake, akasoma tena tangu mwanzo, kwa sauti, bila haraka: "Mashine hii inakwenda Pande kesho asubuhi." Na kila neno alilimaliza kwa kicheko.