Thrash Nyuma ya Pazia la Harusi

Bendi yetu ya thrash ilizaliwa ndani ya stoo ya magodoro, hapa Malindi. Stoo ilikuwa ya mjomba wangu, naye alitukubalia kwa hoja kwamba godoro hunyonya sauti. Alisahau kwamba mlango wa mabati haunyonyi kitu.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na muziki huu, nieleze taratibu, maana si aibu kutoujua. Thrash ni roki iliyopandwa na homa. Gitaa haliimbi, linakatakata. Nyuzi unazibana kwa kiganja ili zitoe mlio mfupi, mkavu, na juu yake unaongeza mkwaruzo wa umeme mpaka spika ilie kama bati linaloburutwa. Mpiga ngoma hutumia miguu yote miwili, kama mtu anayekimbia huku amekaa kitini. Wasikilizaji hutikisa vichwa kwa nguvu. Hiyo ndiyo ishara kwamba wamependa. Na mwimbaji, ambaye alikuwa mimi, hunguruma.

Watu walipotuuliza kwa nini tunapiga mbio hivyo, nilikuwa nikiwajibu kwa maneno mazito kuhusu ghadhabu ya kizazi chetu. Ukweli ni kwamba msikiti ulikuwa jirani, na tuliruhusiwa kupiga baina ya alasiri na magharibi tu. Nyimbo zilikuwa nyingi na jua halingoji. Ghadhabu yenyewe sikuwa nayo ya kutosha. Nilikuwa nikitengeneza simu mchana, nikilala kwa mama usiku, na baada ya mazoezi jirani yetu mmoja mtu mzima alikuwa akiniletea uji wa pilipili manga mlangoni mwa stoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo kifua kimekubana kwelikweli, nimekusikia tangu uwani kwangu."

"Ni muziki, bibi."

"Ee, najua. Kunywa uji."

Tulikuwa watatu. Mpiga ngoma alikuwa seremala wa vitanda, mtu wa miraba minne asiyependa maneno mengi. Mpiga besi alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri aliyoikuza madrasa kwenye kaswida. Tulimpa besi makusudi, ili mdomo wake ukae kimya. Mimi ndiye niliyetunga maneno yote, na kipaza sauti sikumwachia mtu hata kwa kujaribu mitambo.

Halafu jioni moja seremala hakukaa kwenye ngoma zake. Aliegemea rundo la magodoro akasema kuna hoteli Watamu inamtaka kwenye bendi yake, na akienda huko, kwetu harudi.

"Tumepiga hapa miaka," alisema, "na mtu pekee aliyekuja kutusikiliza alileta uji."

Mpiga besi akakohoa. Dada yake alikuwa anaolewa Mambrui, na wanawake wa nyumba walitaka bendi. "Tukipunguza kasi kidogo," alisema, "huenda tukafaa."

"Kidogo kiasi gani?" nikauliza.

"Kiasi cha mtu kuweza kucheza asivunjike kiuno."

Nilicheka kwa dharau. Seremala hakucheka. Akatoa shauri lake: twende harusini na nyimbo zetu zilezile. Mimi ningurume kwanza, kisha mpiga besi aimbe, polepole. Wakicheza kwangu, Watamu haendi na tunabaki kama tulivyo. Wakicheza kwa mwenzangu, yeye ndiye mwimbaji tangu siku hiyo, na sisi tunakuwa bendi ya harusi. Wasipocheza kabisa, kwaheri.

Nilikubali papo hapo, kwa vile sikuwa na shaka kwamba nitashinda.

Hapa tena inabidi nieleze. Katika nyumba kama ile, shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Wamejifukiza udi, wametia asumini kichwani, buibui zimetundikwa, na hakuna mwanamume wa kuwatazama. Kwa hiyo wapigaji wa kiume huwekwa nyuma ya pazia. Unasikia kila kitu, huoni chochote. Mpigaji mzoefu huongozwa na sikio: bangili zikilia, wanacheza, viti vikikwaruza, wanainuka, kukiwa kimya, badilisha wimbo upesi. Mimi sikuwa mzoefu. Nilikuwa nimepigia magodoro tu.

Basi tulipanga vyombo vyetu nyuma ya pazia la maua, nikabana nyuzi, nikanguruma. Upande wa pili pakawa kimya. Nikajiambia wameduwaa, maana jambo kubwa lazima limduwaze mtu kwanza. Nikaingia wimbo wa pili. Katikati yake, vigelegele vikalipuka, vingi, vikifuatana, mpaka pazia likatikisika.

Nikageuka kwa seremala. "Umesikia?"

Alitikisa kichwa. Akakitikisa tena, kwa nguvu. Nikaona naye amekolea, nikaurudia wimbo tangu mwanzo, juu zaidi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Niliimba huku nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, seremala alikuwa ameshaweka vijiti chini, na shangazi yake mpiga besi amesimama kwenye pembe ya pazia, amejitanda leso hadi kidevuni.

"Baba," aliniambia kwa upole, "vigelegele ni vya bi harusi. Ndiyo kwanza ametolewa. Sasa amesimama mlangoni, hathubutu kuja kukaa."

"Kwani hawachezi, shangazi?"

"Wacheze nini, baba? Wameziba masikio." Akanitazama kwa huruma. "Lakini nguvu unazo, mashaallah."

Sikungoja kuambiwa. Nilimpa mpiga besi kipaza sauti mwenyewe, ingawa nadhani nilikishikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akachagua wimbo wangu kuhusu nyumba ya pwani inayoliwa na chumvi: kwanza nondo za dirisha, kisha bawaba, kisha baiskeli ya marehemu iliyoachwa ukumbini. Seremala akaupumzisha mguu mmoja, akayatafuta mapigo ya chakacha, ngoma ya harusi za pwani, akayapata. Nami nikakizungusha kitufe cha mkwaruzo mpaka sifuri.

Nakusihi, kama unajifunza gitaa, fanya hivyo mapema kuliko mimi. Mkwaruzo ulipoondoka na kasi ikapungua, nilijisikia nikipiga kwa mara ya kwanza. Kuna mahali katika wimbo ule ambapo kidole changu cha pete kilikuwa kikikanyaga uzi usio wake tangu siku nilipoutunga. Hakuna aliyewahi kujua, hata mimi mwenyewe.

Mpiga besi aliimba bila haraka, kila neno likitoka zima. Viti vikakwaruza. Bangili zikaanza, chache, halafu nyingi, na nyayo zikaupata mkeka sawasawa na ngoma. Alipofika kwenye baiskeli ya marehemu, sauti ya mwanamke upande wa pili ikaudaka ule mstari ikaurudia, na wengine wakamfuata. Nilikuwa nimeunguruma mstari ule miaka yote, na hata mama yangu hakuwahi kuniambia kwamba humo ndani mna baiskeli.

Wimbo ulipokwisha, seremala akasema, bila kunitazama, "Watamu watafute mtu mwingine."

Shangazi akarudi penye pazia. "Wauliza wenzangu, nani aliyetunga?"

Mpiga besi akaninyooshea kidole.

"Huyu?" Akaniangalia juu hadi chini. "Huyuhuyu?"

Nilitaka kumjibu kwa heshima na kwa kifupi, kama mtunzi anavyopaswa. Nikafungua kinywa. Sauti haikuwapo, nilikuwa nimeimaliza yote kwenye vigelegele vya bi harusi. Nilichotoa ni mluzi mdogo wa kooni.

"Mpeni maji," shangazi akaamuru. "Kisha arudi kwenye gitaa lake. Wanautaka tena uleule."

Seremala alikuwa ameshaanza kugonga vijiti, polepole. Nikameza maji, nikakihamisha kidole cha pete kwenye uzi wake, nikaingia.