Dredi Juu ya Ngoma

Dredi ile tuliikuta juu ya ngoma kubwa, imekatwa, imelazwa katikati ya ngozi. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kwetu sisi Marasta wa pale, nywele ni nadhiri. Hazikatwi ovyo.

Kila Jumamosi mchana tulikaa kikao uani kwa Jemedari, mzee wetu. Tunapiga ngoma, kisha tunajadiliana. Zamani kila mtu alisema lake, hata liwe la kijinga. Mdogo mdogo Jemedari akawa hataki kupingwa, na vijana wakamwiga hadi wakampita.

Mwezi uliopita kaka yangu, fundi seremala, alisema Rasta akiugua na daktari akitaka kumnyoa ili ampasue kichwa, basi anyolewe. Mungu hakai kwenye nywele tu.

Jemedari alimkatiza. "Keti. Neno hilo lisirudiwe hapa."

Kisha mzee akasafiri. Siku aliyorudi ndiyo siku tuliyoikuta dredi.

Vijana wakasema ni ya kaka, kaikata kwa dharau. Hakuna aliyemuuliza.

Kijana mmoja, mchomelea vyuma, akafunga geti kwa mnyororo. Wengine wakasogea. Kaka akavua kofia awaonyeshe kwamba zake zote zipo. Hata hawakutazama.

Jamani, niliogopa. Nilijua kaka yangu hatoki mzima.

Nikaiokota ile dredi.

Sijawaambia kazi yangu: nasokota nywele. Vichwa vyote vya pale vimepita mikononi mwangu. Nilipoigeuza tu nikaijua. Mvi shinani, na uzi mwekundu nilioishonea mwenyewe ilipotaka kukatika.

Nikamtazama Jemedari. Kofia yake ya kufuma ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi. Macho yake yakaniomba ninyamaze.

"Mzee," nikamwambia, "sema wewe, nisiseme mimi."

Akavua kofia taratibu. Upara mtupu, na mshono kutoka sikioni hadi utosini.

"Ulikuwa uvimbe," akasema. "Dredi niliiweka mimi, nianze nayo kuwaeleza. Nilipoona nyuso zenu nikaogopa."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

Mchomelea vyuma hakufungua geti. Alimgeukia mzee kwa jicho lile lile alilomtolea kaka.

"Keti," akamwambia. "Neno hilo lisirudiwe hapa."

Mzee akaketi kweli. Mimi nilitaka kulia.

Kaka akapita katikati yao, akasimama mbele ya mzee. "Mimi bado nataka kumsikia," akasema.

Mimi na kaka tukamshika mzee huku na huku, tukatembea naye hadi getini. Mchomelea vyuma alikawia sana kabla ya kuachia mnyororo.

Nyuma yetu ngoma zikaanza kupigwa, kana kwamba hatujawahi kuwepo.

Wewe unayesoma, kama una kikao unachokiongoza, cha dini, cha ukoo, hata cha kundi la kwenye simu, waache watu wakupinge. Siku utakapobadilika wewe, utahitaji watu waliozoea kusikiliza.