Mama Nyuma ya Kapteni

Tulihama kutoka Vihiga kwenda Silibwet kwa sababu ya miguu ya mama. Hakukuwa na sababu nyingine. Baba hakuwa amefutwa kazi, shamba halikuwa limeuzwa, wala hakuna aliyekuwa mgonjwa. Mama alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na hajawahi kumiliki viatu vya kukimbilia; baba, seremala mwenye wateja wa kutosha, alifunga karakana yake, akatia randa na misumeno ndani ya gunia, akatupandisha sisi na godoro kwenye pikapu ya binamu yake. Nilikuwa na miaka tisa. Tulifika mvua ikiwa imekatika punde tu, na kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu mahali pale ni harufu ya majani ya chai yaliyokuwa yakikaushwa kiwandani. Ilikuwa katikati ya harufu ya nyasi zilizochemshwa na ya mkate unaokaribia kuungua. Niliivuta kwa nguvu hadi baridi ikaniuma puani.

Mambo yalianzia kanisani kwetu. Wazee wa kanisa waliandaa michezo ya kuchangia paa jipya, na katika mbio za akina mama, mama alizunguka kilima pekupeku akiwa na leso kiunoni, akafika, akanywa maji, akaketi na kuanza kumsuka jirani nywele kabla mtu wa pili hajaonekana. Mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha michezo shuleni alimvuta baba kando. Alimweleza kwamba Silibwet, upande wa Bomet, kuna kundi la wanawake wanaofanya mazoezi pamoja, na kwamba kila mwisho wa mwaka kambi moja ya wakimbiaji nje ya Kericho huchukua wanawake wanne. Hao wanne hulala huko, hula huko, na hupelekwa mashindanoni. Baba alilitafakari jambo hilo wiki nzima huku akipiga randa ubao uleule. Hatimaye alisema, "Meza zitangoja. Miguu haingoji." Nyanya, mama yake baba, alikubali kwa sharti moja: kambi isipomchukua mama, Krismasi itukute nyumbani, na habari za mbio ziishe kabisa.

Tulipanga chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, kwa hiyo kila kitu tulichokuwa nacho kilivaa unga mwembamba, pamoja na nyusi za baba. Mbele ya mlango wetu kilima kilishuka kikiwa kimefunikwa na chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Kwetu pia chai ilikuwepo, ila ilikuwa ya kipande hapa na kipande pale. Huku ilikwenda hadi macho yakachoka. Asubuhi ukungu ulilala juu yake, na wachumaji walionekana kuanzia kifuani kwenda juu, wakielea na vikapu vyao mgongoni. Saa nane mchana mvua ilikuja kama mtu mwenye ahadi. Jirani yetu alitukaribisha kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na mimi nilipoona rangi yake ya kijivu nilidhani yamemwagikiwa na majivu kwa bahati mbaya, nikanywa kwa adabu. Niliomba kikombe cha pili. Kuanzia hapo nilihesabiwa miongoni mwa watoto wa pale, ingawa Kikipsigis changu, lugha ya wenyeji, kilikuwa salamu tupu.

Kundi lilikuwa na wanawake kumi na wawili kabla ya mama. Walikutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye kituo cha chai, pale ambapo wakulima huleta majani yao mchana. Kiongozi wao aliitwa Chelangat, mkulima mwenye ng'ombe watatu, mrefu, mwenye sauti ndogo, na watu wote hata watoto wake walimwita Kapteni. Alikuwa na kanuni moja. Hakuna anayempita Kapteni mpaka Kapteni ainue mkono wa kulia. Alikimbia mbele bila kugeuka akisikiliza pumzi zilizo nyuma yake, na alipoona zimetulia sawasawa, mkono ulipanda, na hapo kila mtu akawa huru kukimbia kadiri alivyoweza. Siku za Jumatatu mkono haukuinuliwa kabisa. Jumatatu ilikuwa ya kupumzisha miguu, na kundi lilikwenda polepole kiasi kwamba mimi niliweza kutembea kando yao na mkoba wa shule begani.

Mama alianza siku ya Jumatatu. Alieleza baadaye kwamba aliona mwendo ule ni dharau, kwamba wenyeji walikuwa wakimtembeza taratibu kwa kumhurumia mgeni. Basi walipofika kona ya kwanza aliwapita wote, Kapteni akiwa wa mwisho kupitwa, akapotea ndani ya ukungu. Kundi halikuongeza hata hatua. Alipogundua yuko peke yake akarudi, na Kapteni akamuuliza kwa ile sauti yake ndogo, akimwita kwa jina langu, "Mama Kageha, kuna kuku huko mbele?" Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega, maana sisi Waluhya tunasemwa kwa kupenda kuku, na huku kote huo ni utani usiozeeka. Mama naye akajibu kwamba alikuwepo, lakini amemkosa kwa sababu yao. Walicheka tena, kisha wakamtoza faini. Anayempita Kapteni kabla ya mkono hubeba jaketi za kundi zima. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakupewa hata hizo siku mbili. Nilimwona akirudi na jaketi kumi na mbili zimefungwa kiunoni, shingoni na mabegani, akiwa kama kamba ya kuanikia nguo iliyoota miguu.

Hakubeba tena. Mama alikuwa mtu wa kujifunza jambo mara moja na kulishika kwa mikono miwili. Septemba yote na Oktoba yote alikimbia hatua mbili nyuma ya Kapteni, upande wa kulia, akingoja. Mkono ulipopanda, aliondoka kama paka aliyekanyagwa mkia. Siku nyingine alimpita Kapteni na kufika kituoni wa kwanza, siku nyingine Kapteni alimshika kwenye mlima wa mwisho na kumwacha. Baba alipata kazi ya kutengeneza milango ya nyumba mpya, na jioni alimkanda mama miguu kwa mafuta ya kupikia huku wakibishana kama tutarudi Vihiga na kuku wangapi. Walikuwa wakicheka, lakini nilijua jinsi baba alivyokuwa akitazama kalenda ya dukani kila tulipokwenda kununua chumvi. Mimi sikutaka kurudi. Nilikuwa nimeshajifunza kutukana kidogo kwa Kikipsigis, na hiyo si elimu ya kupoteza.

Majaribio ya kambi yalifanyika mwisho wa Novemba, kilomita kumi, na mwisho wake ulikuwa juu ya mlima mrefu wa udongo mwekundu. Mimi na baba tulisimama kileleni tangu asubuhi. Wanawake walikuja kutoka kila upande, wengine na viatu vya rangi ambazo sikujua zipo. Watatu wa kwanza walipita wakiwa mbali mbele, na tukawapigia makofi kwa sababu ya adabu tu. Kisha Kapteni akatokea kwenye kona ya chini, peke yake, na nyuma yake, hatua mbili upande wa kulia, mama. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Baba alinishika bega kwa nguvu hadi nikaona alama baadaye. Walipanda mlima wote namna ile, kama watu wawili waliofungwa kamba moja, na wakavuka mstari namna ileile. Kapteni wa nne, mama wa tano.

Kapteni alianguka kwenye nyasi kifua kikipanda na kushuka, wale watatu wa mbele nao walikuwa wamelala pale hawawezi hata kutaja majina yao. Mama alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa na kuniuliza kama nimekula vile viazi alivyoniachia na kama baba amekumbuka kufunga mlango wa chumba. Aliuliza yote hayo kwa pumzi moja. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona. Kapteni naye aliliona kutoka pale chini. Akainuka kwa kiwiko akasema, "Mama Kageha, mbona hukunipita?" Mama akajibu, "Hukuinua mkono." Wote waliokuwa karibu walicheka, mama mwenyewe akiwa wa kwanza, na kocha wa kambi, ambaye hakuelewa, akaandika majina manne akafunga daftari. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu anayelisikia kupita kiasi.

Baba alianza kufunga vifaa vyake wiki hiyohiyo. Jumapili baada ya ibada Kapteni alikuja na kibuyu cha mursik, akaketi kwenye gunia la randa kwa sababu kiti kilikuwa kimeshafungwa. Hakuomba msamaha, na sioni kosa lake lilikuwa nini. Alisema anaingia kambini baada ya mwaka mpya na kundi haliwezi kukimbia bila mtu wa mbele. Amewauliza wenzake, wakamtaja mama. Mama alisema yeye ni mgeni. "Mgeni gani amebeba jaketi zetu zote?" Kapteni akauliza, akamjazia baba kikombe. Krismasi tulikuwa Vihiga kama tulivyoahidi. Nyanya aliuliza kama kambi imemchukua mama, akaambiwa hapana, akasema basi yameisha. Mama akasema ameachiwa watu. Nyanya, ambaye alikuwa ameongoza akina mama wa kanisa tangu ujana wake, aliuliza ni wangapi. Aliposikia ni kumi na mmoja alisema, "Basi rudini. Watu hawaachwi njiani." Januari tulipanda tena kwenye ile pikapu, mara hii tukiwa na kuku watatu.

Mama hakuingia kambini kamwe. Msimu uliofuata alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na baada ya hapo alikuwa na kundi. Leo amepita miaka hamsini na Jumatatu bado yuko mbele. Wakimbiaji wanaohamia Silibwet siku hizi hutoka mbali kuliko Vihiga, wana saa za mkononi zinazowaambia moyo unapiga vipi, na wengi wamepanga vyumba ambavyo milango yake ilitengenezwa na baba. Wanashangaa mwanamke asiye na saa anajuaje ni wakati gani wa kuwaachilia. Kila nikienda nyumbani nawauliza wazee wangu kuhusu ule mlima, mmoja mmoja, wengine wasisikie. Mama anasema alikuwa amekwisha kabisa na lile jibu lilikuwa mzaha tu. Kapteni Chelangat, aliyerudi kwa ng'ombe wake zamani, anasema alisikia pumzi za mama mlima wote na hazikuwa za mtu aliyekwisha. Ila, anasema, nani huinua mkono kwenye mashindano? Baba husema niulize miguu. Mwaka jana barabara ilitiwa lami, na matingatinga yalikata ule mlima karibu nusu, ukawa mwinuko mdogo ambao hata mimi naupanda bila kusimama. Nilitaka kumwomba mama aukimbie mara moja tu, hata polepole, nione kama kweli ni mlima wa kummaliza. Sasa haupo, na hakuna aliyewahi kuupima.