Siku Nilipowaua Ng'ombe wa Mzee Bukuru

Nilikwenda Gihosha, mtaa wa juu mlimani, kwa adhabu. Mwalimu wetu wa historia alinikuta nikimwiga anavyopandisha miwani. "Mdomo wako unatafuta kazi," akasema, akanituma kwa Mzee Bukuru, mwimbaji wa inanga aliyekuwa akiandika kitabu juu ya wachungaji walioswaga ng'ombe kwa miguu kutoka milimani hadi mjini, kabla ya malori. Sura ya mwisho ilikuwa imenyeshewa, wino wote ukayeyuka. Macho ya mzee nayo yalikuwa yamekwisha, na mpiga chapa angehamia Uvira kesho yake mchana na mashine yake. Ilibidi sura iandikwe siku hiyo hiyo.

Saa nne asubuhi nikatoka Buyenzi. Basi likaingia Kamenge, nilikopaswa kushuka. Vita vilikuwa vimeacha nyumba nyingi kuta tupu, majani yamemea vyumbani. Abiria walitazama magoti yao.

Kwenye kizuizi cha chini ya Gihosha askari akafungua daftari langu.

"Mbona iko tupu?"

"Ni ya hesabu, shefu."

Akacheka, akanipitisha.

Saa sita nikafika. Mzee alikuwa mwembamba kuliko inanga yake, ule ubao mrefu wenye nyuzi, uliolala mapajani mwake.

"Mutoto wa Buyenzi, we unajua kunyamaza?"

"Naweza kujifunza, Muzee."

"Jifunze sasa. Ukinikata, narudi mwanzo."

Akaanza kunong'ona. Inanga huimbwa hivyo, kwa pumzi, na nyuzi zikalia chini ya pumzi ile mpaka nikadhani ubao wenyewe unasema. Akataja vituo kimoja kimoja: penye majani ya chumvi, penye mto unaokula ndama, penye fimbo iliyosimikwa juu ya kaburi la mwenzao. Milima ile nimeitazama tangu nizaliwe kama ukuta wa jirani. Siku hiyo ikafunguka, na vumbi la kwato nikalisikia puani.

Halafu mzinga ukalia nyuma ya kilima. Nikashtuka, jina la kituo kimoja likanipita. Mzee hakukatiza wimbo. Nami, kwa ujinga wangu, mahali pake nikaandika "Kwa Bibi Mnene."

Alipomaliza akasema, "Soma."

Nilipofika kwa yule bibi, kiganja chake kikaziba nyuzi.

"Ng'ombe wamekufa."

"Wapi, Muzee?"

"Hapo. Hayo ndiyo maji ya mwisho. Ukiyapita bila kunywesha, unafika mjini na fimbo tupu."

"Nisamehe. Mzinga ulilia, nikatunga. Panaitwaje?"

"Nikikaa hivi sipajui. Jina linakuja na wimbo tu."

"Lakini Muzee, mzinga..."

"Hata mi niliusikia."

Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Akarudi mwanzo, juu kabisa milimani, kituo kwa kituo. Mzinga ukalia tena. Safari hii kalamu haikutikisika. Jina likaja na wimbo: Kanyamazi. Nikaliandika kwa herufi kubwa.

Saa kumi na moja nikashuka mbio, niwahi kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku, daftari limebanwa tumboni ndani ya shati.

Nilichojifunza ni hiki: ukipewa njia ya watu, usiweke kituo chako.

Asubuhi nikasimama nyuma ya mpiga chapa, nikahakiki Kanyamazi herufi kwa herufi.

"We ndiye mwandishi?" akauliza, amechoka nami.

"Apana, mi muchungaji. Piga, baba, ng'ombe wana kiu."