Mtwangio wa Pili

Nakumbuka, mwanangu, mwezi wa saba mmoja katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, ndugu yangu Bauma aliporudi kwetu Nyabiondo, sanduku la mbao kichwani na macho chini. Kijana anayetoka shule ya mapadri huku anatazama vidole vya miguu yake, habari yake imeshamtangulia.

Alikuwa ameanguka somo moja tu, shimi, ile wengine wanaita kemia. Padri aliyeifundisha alimpa nafasi ya sesioni ya pili, mtihani wa marudio, kabla shule haijafunguliwa. Akianguka tena, mwingine anapewa kitanda chake. Na Papa yetu, ambaye hakuwa mtu wa kurudia maneno, alisema akiwa anakula maharage yake: "Ukishindwa, utaenda kuchuma chai kwa mzungu. Chai haina sesioni ya pili."

Mimi nilikuwa dada yake mkubwa. Shule niliiacha mwaka wa pili wa msingi. Najua kuandika jina langu, na haya unayosoma naandika polepole, neno kwa neno, kama mtu anayepalilia. Lakini kichwa changu kilikuwa kizima tangu zamani, na Bauma alilijua hilo. Alinikuta natwanga sombe, yale majani ya muhogo, akakaa juu ya jiwe na kaye yake, daftari la shule.

"Dada, haya maneno hayakae mu kichwa. Ninasoma asubuhi, magaribi yamekwisha kutoka."

"Yanasema nini?"

"Yanasema chumvi gani inayeyuka mu maji, na gani inakatala."

"Chumvi iko moja."

"Kwa Padri iko nyingi."

Nikamwambia asome kwa sauti, nami nikatwanga. Mwanangu, ninyi mnadharau kukariri. Mnasema ni kazi ya kasuku. Mimi nasema neno halikai kichwani kwa kulitazama tu, linakaa kwa kupigwa. Mtwangio ukipanda, neno linapanda nao. Ukishuka, linashuka na kukaa. Siku chache tu, nikawa namwimbia mwenyewe yale ya Padri: "Nitrati zote huyeyuka. Kloruri zote huyeyuka. Sulfati zote huyeyuka. Karbonati zote hubaki chini." Sikujua kloruri ni mnyama gani. Lakini wimbo ulikuwa mtamu, na Bauma alianza tena kula vizuri.

Wakati ule shangazi Sifa alikuwa kwetu. Ni dada wa Papa, aliolewa upande wa Walikale, kule Mpofi. Chumvi ya dukani ilikuwa imeadimika, malori ya wafanyabiashara wa Butembo hayakupita kwa sababu ya vita, naye akapanda kuja kututengenezea chumvi ya majivu kama wanavyofanya kwao msituni. Unachoma maganda ya ndizi na majani fulani ya bondeni, majivu unayatia katika chungu chenye matundu, unamwagia maji. Yanayodondoka chini unayachemsha hadi yakauke. Kinabaki kitu cheupe kinachouma ulimi, na sombe inalainika nacho vizuri kabisa.

Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alikaa karibu na chungu chake akitusikiliza, leo, kesho. Halafu asubuhi moja akasema:

"Riziki, acha kutwanga."

Nikaacha.

"Zote, zote, zote. Kila siku zote. Kitu gani mu hii dunia iko zote? Watoto wa mama yenu, wote wanafanana?"

Bauma akacheka kidogo. Shangazi hakucheka.

"Nakuuliza weye, mwenye kusoma. Hiyo wimbo iko mzima?"

Bauma akatazama kaye yake. "Iko maneno ya nyuma, shangazi. Kifaransa wanasema sauf. Ni kusema isipokuwa. Tuliyaacha."

"Mbona?"

"Iko marefu. Mutwangio haiyangoje."

Shangazi akafuta mikono kwa kitenge chake. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Riziki, ulipokuwa mudogo nilikufundisha uyoga. Nilisema nini?"

"Ulisema ule mweupe wa kando ya shamba tunakula."

"Nikanyamaza?"

"Hapana. Ulisema, isipokuwa ule unaovaa kikombe mu muguu."

"Ukikata hiyo neno ya nyuma kwa sababu iko murefu, tutazika nani?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu niliipenda.

Nilidhani atatuacha na aibu yetu tumalize wenyewe. Hakufanya hivyo. Aliingia nyumbani akatoka na mtwangio wa Mama, akasimama mbele yangu upande wa pili wa kinu.

"Bauma, leta hayo maneno ya nyuma. Ni mimi nitayabeba. Riziki atapiga kanuni, mimi nitapiga isipokuwa."

Basi, mwanangu, kama umeshaona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, unajua: mmoja akishusha, mwingine anapandisha, na mitwangio haigongani. Mimi nikapiga: "Kloruri zote huyeyuka." Naye, kabla mtwangio wangu haujapanda vizuri, akashusha wake: "Isipokuwa fedha na risasi."

"Sulfati zote huyeyuka."

"Isipokuwa bariumu na risasi." Hapo akasimama kidogo. "Risasi tena. Hiyo nasadiki. Mimi nimeona risasi, hailainike kwa maji wala kwa sala."

Mama alicheka hadi akaweka chini mtoto aliyekuwa amembeba.

"Karbonati zote hubaki chini."

"Isipokuwa soda na potasi."

Tulipofika nitrati, Bauma akasema hii haina isipokuwa, zote huyeyuka kweli. Nikafikiri shangazi atapumzika. Hapana. Nilipomaliza kuimba nitrati, yeye alishusha mtwangio wake mtupu, bila neno. "Hata pasipo neno, pigo lipigwe," akasema. "Bauma atajua kwamba pale tulitafuta, hatukuona."

Mashavu ya Bauma yalianza kupata rangi. Naye akatufundisha zile alama ambazo Padri huzitafuta ndani ya chupa, kwa vitu tunavyovijua. Ukitia dawa ya fedha ndani ya kloruri, kinashuka kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Ukitia soda ndani ya maji ya chuma kilicholiwa na kutu, kinashuka chekundu-kahawia, kama tope la njia yetu baada ya mvua. Shaba inashuka buluu. Karbonati ukiimwagia asidi, inatoa povu kama pombe ya ndizi inayochacha. Siku hiyo hiyo alikamulia limau juu ya chumvi ya shangazi, ikatoa povu. Alisimama akaitazama: kumbe nayo ni karbonati. Shangazi akamwambia aache kuharibu chumvi ya watu.

Mwisho wa likizo ulipofika akaondoka na sanduku lake. Papa alimsindikiza hadi kilimani, akarudi. Nasi tukaendelea kutwanga, lakini masikio yetu yote yalikuwa njiani.

Alirudi Jumamosi iliyofuata kutueleza, na tulimjua kwa kichwa chake tangu mbali: kilikuwa juu. Alisema Padri alimwekea mezani chupa yenye unga mweupe, bila jina, akamwambia: sema hii ni nini. Bauma akatia unga katika maji. Ukayeyuka wote. Moyo wake ukamwambia: basi si karbonati, karbonati hubaki chini, ondoa hiyo, tafuta mahali pengine.

"Nilikuwa nimefungua mudomo, dada. Halafu nikasikia mutwangio ya shangazi."

Akaomba asidi. Povu likapanda. Akaomba moto, akachovya waya katika unga, ukatoa mwali wa zambarau, alama ya potasi, si ya soda. Akasema: karbonati ya potasi.

Padri akamwuliza: "Una hakika?"

"Mon Père, hii shangazi yangu anatia mu sombe."

Padri alimtazama, akaandika, akamwambia akatafute kitanda chake bwenini. Shangazi Sifa aliposikia, alisema tu: "Hata Padri anakula sombe," akaendelea kumwagia majivu yake maji. Papa hakutaja chai tena maisha yake yote. Na Bauma alimaliza shule ile, akafanya kazi miaka mingi katika laboratware ya hospitali moja, akitazama damu za watu, na hakuna aliyezikwa kwa sababu yeye alikata neno la nyuma.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayekaa na kaye yako leo na kusema ni nyingi mno. Kariri. Usione haya kukariri. Lakini usichukue kanuni ukaiacha isipokuwa yake njiani kwa sababu ni ndefu ao haina utamu. Kanuni ndiyo inayokufikisha mlangoni, na isipokuwa ndiyo inayokuokoa ukiwa ndani. Anayekuletea zote, zote, zote, awe mwalimu, awe mwanasiasa, awe mchumba, mwulize maneno ya nyuma yako wapi. Na usijifunze peke yako chumbani ukidhani akili ni mali ya mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tafuta mtu asimame upande wa pili wa kinu, hata kama hajui kusoma, akupigie pale unapokata.

Mungu aliyempa shangazi Sifa masikio akupe nawe kinywa kinachobeba neno zima, kichwa na mkia. Unachokipiga leo kikukae hadi uzeeni kama kinavyonikaa mimi. Na siku utakapofungua mdomo kusema lisilo kweli, usikie mtwangio wa pili ukishuka.